«Business Proposal»: filamu ya Korea inayochekesha sana, lakini mwisho wake unakimbizwa

Shin Ha-ri ni mfanyakazi wa kawaida katika kampuni ya vyakula mjini Seoul, na wazazi wake wanauza kuku wa kukaanga. Rafiki yake Jin Young-seo, binti wa tajiri mkubwa, anamlipa pesa aende kuonana kwa niaba yake na mwanaume aliyetafutiwa na familia. Kazi ni moja tu: kumchukiza huyo mwanaume asirudi tena. Ha-ri anajipodoa kupita kiasi na kujifanya mwanamke asiye na haya. Alipofika mezani, akakuta anayemngoja ni Kang Tae-moo, mkubwa mpya wa kampuni anamofanya kazi.

Tena huyo Tae-moo amechoshwa na wanawake anaotafutiwa na babu yake kila mara. Ameshaamua kumuoa yeyote atakayekutana naye siku hiyo, ili apate kurudi kwenye kazi zake kwa amani.

Hicho ndicho kiini cha «Business Proposal», filamu ya vipindi 12 iliyoanza kuonyeshwa na televisheni ya SBS ya Korea Kusini mwisho wa Februari 2022, na ambayo inapatikana pia kwenye Netflix. Ilianza na watazamaji chini ya asilimia 5 huko kwao, ikamaliza ikiwa imepita 11.

Nguvu yake ya kwanza ni kwamba haichelewi. Filamu nyingi za mapenzi za Korea zinashikilia siri moja hadi karibu na mwisho, mtazamaji akachoka. Hapa Tae-moo anagundua ukweli kabla hata ya nusu ya vipindi. Kicheko hakifi, kinahamia upande mwingine: yeye anajua, Ha-ri hajui kama amejulikana, na mkubwa anaanza kumtega kazini. Kim Se-jeong, ambaye alianza kama mwimbaji wa kundi la I.O.I, anabeba sehemu hizo kwa uso wake tu. Hofu, hasira na haya vinapita usoni mwake kwa sekunde chache.

Babu naye ni wa kuchekesha. Mzee tajiri anayeogopwa na kampuni nzima, lakini kila siku yuko mbele ya televisheni akifuata filamu ya mapenzi kama watu wengine wote.

Na kuna wapenzi wa pili, Young-seo pamoja na katibu wa Tae-moo, Cha Sung-hoon. Kusema kweli, kuna vipindi ambamo hao wawili wanawashinda wakubwa wa filamu. Yeye ni binti wa tajiri, Sung-hoon ni yatima aliyelelewa kwa msaada wa babu wa Tae-moo. Mapenzi yao hayana michezo mirefu: wakipendana wanaambiana.

Udhaifu unaonekana ukiacha kucheka kidogo. Ha-ri anaogopa kufukuzwa kazi, na hofu hiyo ni ya kweli, kwa kuwa nyumbani kwao mshahara wake unahitajika. Lakini mkubwa wake anapomchezea akijua kila kitu, filamu inataka tuone ni utani mtamu tu. Mwenye uwezo wa kumfukuza ndiye anayecheka, yeye anatetemeka. Waandishi waligusa jambo hilo, kisha wakaliacha.

Lee Min-woo, mpishi ambaye Ha-ri alimpenda kwa siri miaka saba, naye hakupewa kazi ya maana. Yupo ili Tae-moo apate wivu.

Pahali filamu inapoanguka kabisa ni mwishoni. Babu anakataa mjukuu wake asioe binti wa muuza kuku. Hapo mtazamaji anangoja mabishano ya kweli kati ya utajiri na umaskini. Badala yake mzee anaugua, Tae-moo anampeleka Marekani kwa matibabu, na mwaka mzima unapita kwa dakika chache. Wakirudi, kizuizi kimeyeyuka. Ha-ri, aliyejitetea kwa mdomo wake tangu kipindi cha kwanza, hakupewa nafasi ya kumshawishi mzee yeye mwenyewe.

Anayetafuta kicheko baada ya kazi, vipindi vinane vya kwanza vinamtosha kabisa. Vinne vya mwisho ni vya wale ambao wameshampenda Ha-ri.