Teke Halipimi Upepo

Fika alfajiri katika kituo chochote cha mabasi ya safari ndefu. Utamwona utingo akizunguka gari na kipande cha nondo mkononi, akigonga tairi moja baada ya nyingine. Kisha anampungia dereva mkono: twende! Asiye na nondo hutumia teke.

Je, mlio ule unatuambia nini? Unatuambia kwamba tairi haijalala kabisa, basi. Kati ya tairi yenye upepo wa ratili 100 kwa kila inchi ya mraba na yenye ratili 80, sikio halitambui tofauti, wala mguu. Jicho nalo hudanganyika, hasa nyuma, ambako tairi hukaa mbili mbili. Iliyopungua upepo huonekana nzima kwa sababu mwenzake anaubeba mzigo wake. Tairi ya namna hiyo hujikunja kila inapozunguka, hupata moto, na moto huo ndio unaoipasua abiria wakiwa usingizini.

Kisemacho kweli ni geji. Hiyo ya mviringo yenye mshale ilibuniwa na Mfaransa, Eugène Bourdon, aliyepewa hataza yake mwaka 1849, enzi za mashine za mvuke, ambapo boila iliyozidiwa na msukumo iliweza kulipuka na kuua. Ndani yake mna mrija bapa wa madini, uliopindwa kama mundu na kuzibwa ncha moja. Upepo au maji yakiingia kwa nguvu, mrija hutaka kunyooka. Ncha ile husogea kidogo tu, ikavuta meno yanayouzungusha mshale. Hadi leo ndiyo tunayoiona kwenye mitungi ya gesi ya mafundi wa kuchomelea.

Lakini geji nayo ina masharti. Tairi ipimwe ikiwa baridi, kabla ya safari. Ikishakimbia hupata joto na kipimo hupanda. Anayepunguza upepo wakati huo ataikuta imelegea ikipoa. Tena, geji huzeeka. Ikiwa haijachomekwa popote na mshale haurudi kwenye sifuri, hiyo ni ya uongo. Hata inayorudi, ilinganishwe mara kwa mara na nyingine inayoaminika.

Wewe abiria umelipa nauli. Kabla basi halijaondoka, una haki ya kuuliza: "Kondakta, tairi hizi zimepimwa, au zimegongwa?"