Ganda Moja la Risasi Nyasini Mpanda

Nje kidogo ya mji wa Mpanda, kandokando ya barabara iendayo Sitalike, niliona safu ya vijana, wake kwa waume, waliopiga magoti bega kwa bega katika nyasi kavu, wakizipambanua kwa vidole na kusogea mbele polepole pasipo kusemezana, mfano wa watu walioangusha lulu. Walikuwa makuruta wa mgambo katika siku yao ya shabaha, na walichokuwa wakikitafuta ni ganda la risasi iliyokwisha pigwa: kipande cha madini kisichofika urefu wa kidole cha shahada, kitupu, kisichoweza tena kumdhuru hata kifaranga. Risasi zilizotolewa asubuhi zilihesabiwa, maganda yaliyookotwa baada ya kupiga yalihesabiwa, na hesabu mbili hizo zilipishana kwa moja.

Nilimwendea afande aliyekuwa akiwafundisha, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini ambaye kwa sababu ya kazi yake sitamtaja jina, nikamwuliza kama ganda tupu lastahili kuwachomesha watu jua kiasi kile. Alinijibu kwa upole kwamba risasi isiyorudisha ganda lake ni risasi isiyojulikana iliko. Yamkini imepigwa na yamkini imo katika soksi ya kuruta, na hiyo iliyomo katika soksi, madhali imetoka uwanjani bila ya kuandikwa, haitakosa siku moja kuipata bunduki ya kuipiga. SAR, ile bunduki yenye asili ya Urusi na nafasi ya risasi 10, hulirusha ganda lake kuumeni kwa nguvu, kwa hiyo msako ulianzia kuume kwa mpigaji wa mwisho na kurudi nyuma mtu kwa mtu, hata alasiri ganda likaonekana limejibanza chini ya mzizi wa mninga. Afande alilipokea, akaliandika katika daftari, na hapo ndipo ruhusa ya kwenda kula ilipotolewa.

Tulipoketi kivulini alinisimulia habari za wiki zilizoitangulia siku ile, nami nakiri kuwa nilisikiliza kwa taadhima iliyozidi kila aliposema. Makuruta wake, kwa muda mrefu, hawashiki bunduki ila ya mti, iliyochongwa kwa kiasi cha ile ya chuma, nao hulala nayo, hukimbia nayo na kutambaa nayo. Na yeyote atakayemwelekezea mwenzake mtutu ule wa mti, hata kwa mzaha, hupata adhabu ile ile ambayo angepata lau mtutu ungekuwa na risasi, kwa kuwa mkono, asema afande, hauna akili ya kutambua tofauti ya mti na chuma, na utakalouzoeza leo ndilo utakalotenda kesho gizani. Kidole hulazwa ubavuni mwa bunduki, mbali na kifyatuo, mpaka amri itolewe. Wakabidhiwapo chuma chenyewe, huanza kwa kutoa risasi zote zilizomo magazini, kukoki, kuitazama chemba kwa jicho, kisha kuipapasa kwa ncha ya kidole, maana jicho huweza kudanganyika wakati wa magharibi na kidole hakidanganyiki. Na bunduki ikipita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, hata kama mpokeaji ameshuhudia ikikaguliwa, sharti aikague tena yeye mwenyewe.

Wanapofikia kupiga, adui wao wa kwanza ni hofu ya mlio. Kuruta husikia kishindo kabla hakijatoka, akafumba macho, akakaza bega, na risasi ikaenda mchangani. Dawa ya afande ni kumpa bunduki pasipo kumwambia kama ina risasi ama haina. Kuruta huvuta pumzi, huitoa nusu, hubana kifyatuo, na chemba ikiwa tupu, mtutu ukainama wenyewe, basi kila aliyesimama nyuma ameiona hofu yake, naye ameiona pia. Afande huwa hamkemei. Humrudisha alale chini aanze tena, na tena, hadi mtutu utulie.

Historia ya mgambo wasomaji wanaifahamu: Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotaka wananchi wafunzwe ulinzi wa mgambo, na ambao ulitolewa majuma machache baada ya Idi Amin kutwaa serikali ya Uganda, kisha vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 ambamo wanamgambo walikwenda kwa maelfu. Siku hizi cheti cha mgambo aghalabu ni mlango wa kupatia kazi ya ulinzi.

Lakini huku Katavi, mkoa ulimo mji wa Mpanda, penye dhahabu ya Ibindi na Dirifu, wako raia wanaotamani bastola kwa kulinda nafsi na mali zao, na juu ya hao afande ana mashaka makubwa. Bastola, kwa maneno yake, ni ngumu kuliko bunduki ndefu, kwani haina bega la kuiegemeza, na kifundo cha mkono kikigeuka kidogo tu, mtutu wake umekwisha kumtazama mke au mtoto. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji awe na cheti cha umahiri; yeye angependa cheti hicho kitanguliwe na wiki za bastola tupu, na kwa somo la kwanza angemfundisha mwombaji kufunga mlango, kupiga yowe na kukimbia. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 18B, inamruhusu mtu kutumia nguvu ya kiasi katika kujihami. Nilipomwuliza kiasi hicho hupimwaje usiku wa manane, alisema hajapata njia ya kulifundisha jambo hilo uwanjani.

Swali jingine hakulijibu kabisa. Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, iliyoanzishwa kuwasaka majangili, ilisitishwa kwa malalamiko ya mateso na mauaji ya raia, na mawaziri wanne wakaondoka madarakani. Na waliotumwa katika kazi ile walikuwa watu waliofunzwa silaha. Adabu ya uwanjani huishia wapi? Na mlinzi aliyepata cheti zamani, anayekesha mlangoni na bunduki mapajani, ni nani amwitaye tena kupiga shabaha?

Kisha kuna gobore, lililofuliwa msituni, linalomiminiwa baruti na vipande vya chuma kwa njia ya mdomo wake, ambalo likilia haliachi ganda wala hesabu. Serikali ilitoa msamaha wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31 mwaka 2023, na jambo hilo lastahili kuendelezwa kwa bidii katika vijiji vya mkoa huu.

Kwa Kamati za Ulinzi na Usalama, zinazopokea maombi ya bastola, nina ombi moja: kabla ya kupitisha jina la mtu, mpelekeni kwa mkufunzi wa namna hii, apewe silaha tupu mbele ya mashahidi, na mtutu ukiinama, arudishwe akajifunze.