Watu Wawili Mbele ya Skrini Moja

Matangazo ya kazi ya Tume ya Utumishi wa Umma nchini Kenya huja na sharti ambalo kila mtafuta kazi analijua: maombi yafike kabla ya tarehe iliyotajwa, saa kumi na moja jioni, saa za Afrika Mashariki. Zamani sharti hilo lilimaanisha fomu ya PSC 2, bahasha, na safari ya posta au ya Harambee Avenue. Siku hizi linamaanisha tovuti. Anayekwama kwenye ukurasa wa tatu saa kumi na nusu hana karani wa kumwonyesha kosa liko wapi, na jina lake halifiki mezani hata kama aliistahili kazi ile kuliko wote walioitwa. Duka la mtandaoni likimshinda mteja, atanunua kwingine. Anayeshindwa na tovuti ya serikali hana kwingine pa kwenda, na kwa sababu hiyo naona hakuna tovuti inayodai majaribio makini kuliko hii.

Tuchukue mtaa mmoja, Kiganjo. Si Kiganjo ya Nyeri yenye chuo cha polisi, bali ile ya Thika, kaunti ya Kiambu, jirani na Makongeni. Ni mtaa ambao mwenye shahada ya Mount Kenya University hupanga chumba mlango kwa mlango na kibarua wa kiwandani, na wote wawili wanasubiri serikali itangaze nafasi. Tuseme taasisi moja ya umma imeamua kuiunda upya tovuti yake ya ajira, nasi tumeombwa kupanga majaribio kabla haijafunguliwa.

Jaribio la utumizi lenyewe ni jambo jepesi kulieleza. Unampa mtu zoezi linalofanana na haja yake ya kweli, unamwomba aseme kwa sauti anachofikiri, kisha unanyamaza na kutazama. Hapimwi yeye, inapimwa tovuti. Ugumu uko kwenye mpango. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11 kinasema urahisi wa kutumia kitu haupimwi hewani: hupimwa kwa watu mahususi, wenye malengo mahususi, katika mazingira mahususi. Mpango usiotaja hayo matatu bado haujawa mpango.

Mazingira ndiyo husahaulika kwanza. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa, kati ya Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi, asilimia 10.4 tu walikuwa wakitumia kompyuta, na asilimia 22.6 wakitumia intaneti. Bado tovuti nyingi za umma huchorwa kwenye skrini pana, ofisini, kwa intaneti isiyokatika, na kujaribiwa papo hapo na wafanyakazi wa ofisi ya pili. Kiganjo mambo ni tofauti. Mtu husoma tangazo kwenye simu, mara nyingi likiwa picha iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp. Bando likiisha katikati ya fomu, ukurasa hujifunga. Na ikifika hatua ya kupakia vyeti, wengi huifunga simu na kushuka hadi saiba, duka la huduma za kompyuta.

Hapo saiba ndipo ninapotaka tukae kidogo. Ukutani pameandikwa majina ya huduma: KRA, HELB, eCitizen, TSC. Mwombaji anavuta kiti, lakini kibodi haiko mbele yake. Iko mbele ya mhudumu. Mhudumu anauliza, mwombaji anajibu, mhudumu anaandika. Nambari ya kuthibitisha inaingia kwenye simu ya mwombaji naye anaisoma kwa sauti. Vyeti vinaskaniwa, vinapunguzwa ukubwa ili tovuti ivikubali, vinapakiwa. Kama mwombaji hana baruapepe, mhudumu anamfungulia moja na kuchagua nywila, na mara nyingi nywila hiyo hubaki kichwani mwa mhudumu au kwenye karatasi inayopotea. Miezi miwili baadaye barua ya kuitwa kwenye usaili inaingia katika sanduku ambalo mwenyewe hawezi kulifungua.

Kwa hiyo mtumiaji wa tovuti hii mara nyingi si mtu mmoja. Ni wawili: mmoja anajua maisha yake, mwingine anajua mashine, na kosa huzaliwa katikati yao. Mhudumu hajui kama diploma ya mwombaji inahesabiwa kuwa ya kitaaluma au ya kitaalamu, na fomu ina sehemu mbili tofauti. Mwombaji haoni kwamba mhudumu amechagua ile iliyokaa juu ili foleni isogee. Mpango unaomketisha mtu mmoja mmoja ndani ya chumba tulivu hautaliona kosa hilo hata ukiwaleta washiriki mia. Mimi ningetenga angalau theluthi ya vikao kwa jozi: mwombaji halisi na mhudumu halisi, ndani ya saiba yenyewe, mhudumu akilipwa kwa muda wake kama anavyolipwa na mteja yeyote.

Swali la idadi hufuata hapo, na hujibiwa haraka mno. Mwaka 2000 mtaalamu wa majaribio ya utumizi, Jakob Nielsen, aliandika kwamba washiriki watano wanatosha, na neno hilo likageuka kuwa amri. Hesabu yake ilitokana na kazi aliyoifanya na Thomas Landauer, iliyochapishwa mwaka 1993: kwa wastani, mshiriki mmoja alifichua asilimia 31 ya matatizo, hivyo watano hufichua kama asilimia 85. Hesabu ni sahihi, lakini ina masharti yake. Tatizo linalompata mtu mmoja kati ya kumi lina nafasi ya asilimia 41 tu ya kuonekana mbele ya washiriki watano. Ukiwa na kumi na watano, nafasi hiyo inafika asilimia 79. Kwenye tovuti inayopokea maombi ya nchi nzima, mmoja kati ya kumi ni umati. Nielsen mwenyewe alishauri kugawa washiriki katika raundi, kurekebisha kati ya raundi na raundi, na kuongeza watu pale ambapo makundi ya watumiaji yanatofautiana sana. Sehemu hiyo ya ushauri ndiyo isiyonukuliwa.

Kwa Kiganjo makundi yanajitokeza yenyewe: aliyehitimu juzi na hajawahi kuomba kazi ya serikali, mtumishi wa kaunti anayetafuta kupanda cheo, fundi mwenye cheti cha ufundi ambaye hajui kama kazi hizi zinamhusu, na jozi za saiba. Kuna kundi jingine ambalo Thika haina kisingizio cha kulikosa. Mji huu una shule za wasioona za Salvation Army, na wahitimu wake wanatafuta kazi kama wengine. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inataka angalau asilimia tano ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma ziende hatua kwa hatua kwa watu wenye ulemavu. Ahadi hiyo inaweza kufia kwenye kitufe kisicho na jina, ambacho programu ya kusoma skrini inakitamka "kitufe, kitufe, kitufe". Mshiriki asiyeona aje kwenye raundi ya kwanza, wakati fomu bado ni mchoro unaobadilika. Akiletwa mwishoni, kila kasoro atakayoitaja itajibiwa kwamba muda umekwisha.

Mazoezi nayo yana kanuni yake: usimpe mshiriki njia, mpe haja. Ukimwambia "bonyeza Nafasi Zilizo Wazi", umempa jibu. Mwambie: "Rafiki yako amekuambia kuna kazi ya ukarani katika wizara. Tafuta kama unafaa kuiomba." Kisha ngoja. Hapo utajua kama anaelewa daraja za mishahara zilizoandikwa kwa herufi na nambari, kama anapata mahali palipoandikwa sifa, na kama anakata tamaa mapema kuliko anavyopaswa.

Zoezi moja ningelipigania liwemo: "Kabla ya kutuma maombi, unahitaji kulipia nini?" Kwa miaka mingi watafuta kazi wamebebeshwa gharama za vyeti vya kuidhinishwa. Cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi pekee kimekuwa kikigharimu shilingi 1,050 kwenye eCitizen. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili mwajiri aweze kudai vyeti vya namna hiyo pale tu anapokusudia kumpa mtu mkataba. Sheria imebadilika, lakini je, ukurasa unalisema hilo kwa namna ambayo msomaji wa simu analiona? Mshiriki akiondoka akiamini lazima akope pesa za vyeti kwanza, tovuti imeshindwa, hata kama amejaza kila kisanduku bila kosa. Kipimo cha dakika na mibonyezo hakitalinasa hilo. Lazima aulizwe.

Sasa lipo jambo nyeti ambalo vitabu vya nje havinisaidii. Mtu asiye na kazi akialikwa na serikali kujaribu tovuti ya kazi, moyo wake utaona mlango umefunguka. Hata akiambiwa sivyo, atatumaini. Atajitahidi kupendeza, ataficha kuchanganyikiwa kwake, atasema kila kitu ni kizuri. Aambiwe tangu kwenye mwaliko, na tena anapoketi, kwamba kikao hakimpi wala hakimnyimi nafasi yoyote, na jina lake halitapelekwa kwa wanaoajiri. Kisha apewe kifuta jasho na nauli mwanzoni kabisa, kabla ya zoezi la kwanza, ili ajue malipo hayategemei sifa atakazomwaga. Vikao visifanyike kwenye ofisi yenye bendera na picha ya rais ukutani.

Data zake pia zilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mtu ajue taarifa zake zinachukuliwa kwa nini, na zisichukuliwe zaidi ya zinazohitajika. Andaeni mwombaji wa kubuni mwenye kitambulisho, vyeti na historia ya kazi, mshiriki aigize nafasi yake. Hasara ni kwamba mtu hakosei kwenye maisha ya kubuni kama anavyokosea kwenye yake, kwa hiyo sehemu ya elimu na uzoefu wa kazi ajaze ya kwake, kwenye seva ya majaribio, na ifutwe mbele ya macho yake kikao kikiisha.

Raundi ya kwanza ifanyike mapema, hata kwa kurasa za karatasi. Wamarekani walijifunza kwa uchungu. Oktoba 2011 ofisi ya serikali yao inayosimamia watumishi iliichukua tovuti ya ajira ya USAJOBS kutoka kwa kampuni ya Monster na kuiendesha yenyewe. Siku za kwanza watu walishindwa kuingia kwenye akaunti zao, na waliotafuta kazi za mji wao wakaletewa za mahali pengine. Kwa mamilioni ya wananchi, siku ya ufunguzi ndiyo ikawa jaribio.

Mwisho kwenye karatasi ya mpango huandikwa watazamaji, na hapa sitaki mchezo. Mwanasheria aliyeongeza swali la kumi na nane kwenye fomu aketi kwenye benchi la saiba amwangalie mtu akilijibu. Mwandishi wa programu aketi kando yake, kimya, simu mfukoni. Jina la afisa mwenye mamlaka ya kuliondoa swali hilo liandikwe kabla ya kikao cha kwanza, pamoja na wiki ambayo ataamua. Kama taasisi haiwezi kulitaja jina hilo, vikao viahirishwe hadi litajwe, maana watu wa Kiganjo hawana siku ya kupoteza kwa ripoti isiyo na wa kuitekeleza.