Maana ya "Bora" katika Kura za Wahakiki wa Filamu

Imekuwa desturi ya wahakiki wa filamu katika Ulaya na Marekani, kila muongo wa miaka kumi unapokwisha, kuzipanga filamu kwa daraja, ya kwanza hata ya mwisho. Na kila orodha itokapo huzuka ubishi. Aghalabu ubishi huo huhusu majina: kwa nini hii imepandishwa na ile imeachwa. Lakini mwenye kuyapima maneno ya pande zote ataona kwamba chanzo cha tofauti hakimo katika filamu zenyewe, bali kimo katika mambo matatu yatanguliayo hesabu: kitu gani kihesabiwe kuwa ni filamu, neno "bora" lichukuliwe kwa maana gani, na nani aulizwe. Mambo hayo yasipopambanuliwa, orodha hudhaniwa kuwa ni hukumu, hali ni jumla ya kura tu.

Jambo la kwanza lilidhihirika mwishoni mwa mwaka 2019, wakati jarida la Ufaransa liitwalo Cahiers du cinéma, lililoanzishwa mwaka 1951, lilipotoa orodha yake ya filamu kumi bora za muongo uliokuwa ukimalizika. Nafasi ya kwanza ilipewa Twin Peaks: The Return, kazi ya David Lynch, ambayo ilionyeshwa katika televisheni ya Marekani mwaka 2017 kwa sehemu 18. Waliopinga walisema kwamba kitu kitazamwacho nyumbani, sehemu baada ya sehemu, ni mfululizo wa televisheni wala si filamu. Waliounga mkono walijibu kwamba mwongozaji mwenyewe aliitaja kuwa ni filamu moja ndefu iliyogawanywa, na kwamba sehemu zake mbili za mwanzo zilionyeshwa katika tamasha la Cannes.

Ubishi huu kwa hakika ni wa mtunga kamusi. Katika Kiswahili, "senema" ni jina la onyesho na la nyumba ya kuonyeshea. "Filamu" ni neno lililotokana na jina la utepe upitishwao katika mashine. Na mifululizo ya televisheni siku hizi huitwa "tamthilia", jina ambalo kwanza lilikuwa la mchezo wa jukwaani. Atakayeshika asili ya neno "filamu" peke yake atalazimika kuzitupa filamu nyingi za muongo ule, maana zilipigwa bila utepe wowote. Atakayefuata matumizi hatakuwa na mpaka ulio wazi. Basi wahakiki wale walipopiga kura zao walikuwa wakilipa neno maana mpya kabla ya kumpa mtu yeyote sifa.

Jambo la pili ni neno "bora" lenyewe. Jarida la Uingereza liitwalo Sight and Sound limekuwa likiwauliza wahakiki mara moja katika kila miaka kumi, tangu mwaka 1952, wataje filamu kumi zilizopita nyingine zote za tangu senema ianze. Maana ya kupita huko huachiwa kila mpiga kura: aweza kutazama mahali pa filamu katika historia, au ustadi wake, au jinsi ilivyougusa moyo wake. Kiswahili chaonyesha tofauti hii vizuri. Asemaye "chombo bora" ameweka sifa ndani ya chombo. Asemaye "bora kungoja" ameeleza uchaguzi wake tu, wala hakusema kwamba kungoja kuna uzuri. Maana zote mbili huingia katika sanduku moja la kura, zikajumlishwa kama mtu ajumlishaye pishi na dhiraa.

Tena yafaa kuiangalia njia ya kuhesabu. Kila mpiga kura hutaja filamu kumi, na kila filamu iliyotajwa hupata kura moja, hata ikiwa ndiyo aipendayo kuliko zote au ndiyo aliyoikumbuka mwisho. Kwa hiyo filamu yaweza kushika nafasi ya kwanza pasipo kuwa ya kwanza moyoni mwa mtu hata mmoja. Mwaka 1952 walijibu wahakiki 63, na Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, iliyokuwa na umri wa miaka minne tu, ikapata kura 25. Citizen Kane ya Orson Welles, iliyotoka mwaka 1941, haikuwamo katika kumi za mwaka ule. Lakini toka mwaka 1962 hata 2002 ilishika nafasi ya kwanza mara tano mfululizo. Mwaka 2012 waliojibu walikuwa 846, na Vertigo ya Alfred Hitchcock ikaongoza kwa kura 191. Mwaka 2022 waliojibu walikuwa 1,639, na Jeanne Dielman, filamu ya mwaka 1975 ya Chantal Akerman wa Ubelgiji, ikaongoza kwa kura 215. Wahenga walisema wengi wape. Lakini hapa walioongoza wametoka katika kiasi cha watu wawili kwa watano, wakafika kama mmoja kwa wanane. Kadiri waulizwao walivyoongezeka, ndivyo mapatano yalivyopungua.

Jambo la tatu, yaani nani aulizwe, ndilo lililoleta maneno makali zaidi. Akerman alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza orodha hiyo. Paul Schrader, mwandishi wa mchezo wa Taxi Driver, aliisifu filamu yenyewe, lakini alilaumu matokeo, akiona kwamba kupanuliwa kwa kundi la wapiga kura kumevunja mwendelezo wa kura za zamani. Lawama hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba waulizwao wakibadilika, jibu hubadilika. Lakini hata wale 63 wa mwaka 1952 walichaguliwa na mtu, nao hawakuwa kipimo kilichoshuka chenyewe. Kundi dogo lina upande wake kama lilivyo kubwa.

Na nyuma ya haya lipo sharti lisilotajwa sana: mtu hawezi kuipigia kura filamu asiyoiona. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal ilitoka mwaka 1973. Nakala yake ilitengenezwa upya mwaka 2008. Mwaka 2012 ilikuwamo katika mia za kwanza za Sight and Sound, na mwaka 2022 ikapanda hata nafasi ya 66. Filamu haikubadilika wakati wote huo. Kilichobadilika ni njia ya kuifikia. Tena orodha hizi huwaongoza walimu, wenye nyumba za senema na watunzaji wa makumbusho kujua kipi kionyeshwe na kipi kihifadhiwe. Hivyo iliyoachwa leo kwa kutoonekana yaweza kuachwa kesho kwa kutotajwa.

Kwa sababu hiyo, atakayeipeleka habari ya kura hizi katika Kiswahili asitosheke na kuandika kwamba Jeanne Dielman ni "filamu bora ya zama zote". Aandike kwamba ilitajwa na watu 215 kati ya 1,639, mwaka 2022, kila mmoja akiruhusiwa filamu kumi na maana yake mwenyewe ya ubora. Maneno ni mengi zaidi, lakini ndiyo yaliyo sawa na kura zilizopigwa.