Maharage na Jiko la Presha

Kwa nini maharage hukawia kuiva Sanya Juu kuliko Tanga? Sanya Juu iko mlimani, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Huko maji huchemka kabla ya kufikia nyuzijoto 100. Ukiongeza kuni unazimaliza bure, kwa sababu maji yakisha kuchemka hayapandi joto tena.

Jiko la presha la umeme hufungia mvuke ndani, na joto hupita 100. Maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa nusu saa hivi. Umeme unaotumika haufiki uniti moja.

Usijaze sufuria kupita nusu, maana maharage huvimba na kutoa povu. Yakiiva, usikimbilie kufunua! Mvuke utakuunguza uso. Ngoja upungue wenyewe. Kipini cha juu ya mfuniko kikishuka, fungua.