KIPANDE CHA NYAMA KILICHOTOSHWA: TUKICHUNGE NAMNA GANI?



Mama akifika hopitali na kivimbe ndani ya ziwa, munganga anaweza kutosha kipande kidogo cha nyama, ao kivimbe chote, na kukituma kwenye labo. Mara nyingi labo iko mbali, katika muji mukubwa, na ndugu wa mugonjwa ndiye anabeba chupa. Watu wengi wanafikiri kazi imekwisha wakati kidonda kimeshonwa. Hapana, bado! Kama kile kipande kimeharibika njiani, labo haitaweza kusema ni ugonjwa gani wala dawa gani inafaa. Pengine mama atapashwa kupasuliwa mara ya pili.

Wanatafuta nini ndani ya nyama?

Kwanza wanaikata vipande vyembamba sana na kuiangalia kwa mikroskopi: ni kansere ao sivyo? Kwa kansere ya ziwa wanapima tena kama inakomaa kwa nguvu ya homoni za mwanamuke, juu kama ni vile, kuna vidonge vya kuizuia.

Siku hizi labo kubwa zinaweza kusoma na ADN. ADN ni kama kitabu kilicho ndani ya karibu kila chembe ya mwili. Kina herufi nne tu, A, C, G na T, lakini zimepangwa karibu miliari 3. Kitabu chote kinaitwa jenomu. Kansere inaanza wakati herufi fulani zimegeuka. Munganga akijua ni zipi, pengine atapata dawa inayofaa ule ugonjwa.

Mufano wa samaki

Mama, wewe unajua samaki. Akitoka majini anaanza kuoza. Ukichelewa kumutia chumvi, hata chumvi mingi haitamurudisha. Nyama ya mutu ni vilevile: inaanza kuharibika tangu ilipokosa damu. Ndiyo maana inatiwa ndani ya formoli mbele saa 1 haijapita. Formoli inazuia kuoza, na nyama inachunga umbo lake kwa mikroskopi. Kisha labo inaifunika ndani ya parafini, ni kusema nta sawa ya mushumaa, na inaweza kukaa miaka mingi bila frigo.

Lakini makayabo si samaki mubichi. Formoli nayo inageuza nyama. Inafunganisha ADN na vitu vingine vya chembe, kama kurasa zilizogandamana. Wakizifungua, zinapasuka vipande vifupi. Tena inaweza kuharibu herufi C, hata mashini inasoma T. Hapo labo inaweza kufikiri kansere ndiyo iliyogeuza ile herufi, kumbe ni dawa ya chupa! Na formoli ya zamani, iliyogeuka kuwa kali kama siki, inaharibu zaidi.

Kwa kusoma kitabu chote, njia bora ni kugandisha nyama mbichi palepale kwa baridi kali sana, na kuichunga kwa digrii 80 chini ya sufuri. Huko Uingereza, katika kazi iliyoanza mwaka 2012 na kutimiza jenomu 100,000 mwaka 2018, waliona nyama ya formoli inasomeka vibaya. Basi hopitali ziliombwa kutuma nyama ya kansere iliyogandishwa. Lakini njia hii inataka umeme usiokatika hata siku moja. Pasipo umeme huo, formoli inabaki njia yetu. Ikitumiwa vizuri, inatosha kwa mikroskopi, na mara nyingi hata kwa kusoma kurasa chache za lazima.

Mambo ya kushika

1. Mbele ya operasyo, uliza: nani atabeba chupa, siku gani, na feza za safari ziko wapi?

2. Chupa iwe na mudomo mupana, juu formoli inakausha nyama iwe ngumu. Formoli ipite nyama mara 10, na nyama izame yote.

3. Jina la mugonjwa, siku na saa viandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko tu.

4. Usiongeze maji. Usimwage formoli. Usitie chupa ndani ya frigo ya kugandisha: barafu ya nyumbani inapasua chembe. Usiiache juani.

5. Peleka upesi. Kwa kansere ya ziwa, nyama ikae ndani ya formoli si chini ya saa 6, wala si zaidi ya saa 72, ni kusema siku 3.

6. Formoli ni sumu. Iweke mbali na watoto na chakula. Ikigusa ngozi ao macho, osha na maji mengi, kisha kimbia kwa munganga.

Mama, kile kipande ni kidogo kama punje ya mahindi, lakini ndicho kitamuambia munganga njia ya kukutunza. Ukisikia kivimbe ndani ya ziwa, hata kama hakiume, usingoje. Kuja tukiangalie. Na wakikupa chupa, ichunge kama vile unachunga mutoto muchanga njiani.