Piano katika Hewa ya Pwani: Ipi Hutunzika?

Apitaye Feri, Dar es Salaam, penye soko la samaki na vivuko viendavyo Kigamboni, huona jinsi kutu inavyokula minyororo na mabati. Upepo huo wa baharini, wenye chumvi na unyevu, huingia pia katika shule na makanisa ya mjini, na ndani ya vinanda vilivyomo. Basi, shule itakayo piano ya kudumu miaka 20 inunue ya nyuzi au ya kielektroniki?

Tuanze na piano ya nyuzi. Ndani yake mna nyuzi za feleji zipatazo 230, na mkazo wake kwa jumla hufikia tani 18 hivi. Nyuzi hizo hupita juu ya ubao mpana wa mti wa jamii ya msonobari, ambao ndio ukuzao sauti. Wakati wa masika ubao hunyonya unyevu, hufura na kuzisukuma nyuzi, nao mkazo huongezeka. Kanuni ya fizikia yasema kwamba mitetemo ya uzi kwa sekunde huwiana na kipeuo cha pili cha mkazo wake. Kwa hiyo mkazo ukizidi kwa asilimia 1, mitetemo huzidi kwa nusu ya asilimia: uzi wa herzi 440 hufikia 442.2. Hewa ikikauka, sauti hushuka. Kwa kuwa nyuzi haziathiriki kwa kiasi kimoja, piano hukosa ulinganifu. Zaidi ya hayo, kutu hudhoofisha nyuzi, nondo hula sufu ya nyundo, na mchwa hula mbao.

Piano ya kielektroniki haihitaji kulinganishwa sauti, kwani mitetemo yake huongozwa na fuwele kama ile iliyomo katika saa ya mkononi. Lakini hiyo si kinga ya kila kitu. Chumvi na vumbi huharibu viungo vya umeme vilivyo chini ya vibonyezo. Kapasita zenye elektroliti hukauka. Kwa makisio ya wahandisi, joto likizidi kwa digrii 10 za Selsiasi, maisha yake hupungua kwa nusu. Umeme unaopanda ghafla huweza kuunguza saketi.

Tofauti kubwa imo katika matengenezo. Fundi wa redio wa Kariakoo aweza kubadili kapasita. Lakini chipu iliyobuniwa kwa vinanda vya kampuni moja tu haitengenezeki. Yamaha DX7, kinanda cha kidijiti kilichotolewa mwaka 1983, hutumia chipu za namna hiyo: ikiungua, mbadala hutafutwa katika kinanda kingine kikuukuu. Kwa upande mwingine, uzi au sufu ya piano iliyoundwa miaka 100 iliyopita huweza kupatikana hata leo, kwa kuwa ufundi wake haujabadilika sana.

Kwa hiyo, bei ya dukani isiwe kipimo pekee. Shule iwezayo kumpata fundi wa kulinganisha sauti angalau mara mbili kwa mwaka yaweza kuchagua piano ya nyuzi. Isiyoweza, yafaa ichague ya kielektroniki, iifunike, iiwekee kidhibiti cha umeme, na kuanzia mwanzo itenge fedha za kununua nyingine. Zote mbili zikae mbali na dirisha lielekealo baharini.

Kabla ya kununua, wanafunzi na wapime unyevu wa chumba asubuhi na alasiri, kwa vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine chenye utambi uliolowa. Vipimo vya mwaka mzima vitaionyesha shule ni chumba kipi kifaacho kuwekwa piano.